Kiyoyozi cha kabati baada ya misimu mitatu ya joto: kilichomo ndani hakijatusumbua

Ninasimamia jengo la ofisi lenye ghorofa tatu, na kwa misimu mitatu ya joto sasa kila ghorofa imekuwa ikipozwa na mtambo mmoja mkubwa wa aina inayojitosheleza, yaani ule ambao kompresa (pampu inayosukuma gesi ya kupoza), koili (mabomba baridi yanayopoza hewa), kondensa (sehemu inayotoa joto la gesi), feni na vidhibiti vyake vyote vimefungwa kiwandani ndani ya kabati moja la chuma linalosimama sakafuni. Kabla ya hapo tulikuwa na viyoyozi vya spliti, yaani vyenye kipande cha ndani na cha nje vinavyounganishwa kwa mabomba ya gesi, vipatavyo arobaini, kila kimoja na rimoti yake na ugonjwa wake. Tathmini hii inahusu mitambo hiyo mitatu pamoja na kazi ya kuisimika na kuitunza. Sitamtaja mtengenezaji, kwa kuwa mengi nitakayoyasema yanaihusu aina hii ya mtambo kwa jumla, wala sitaitaja kampuni iliyoisimika, kwa sababu ambazo msomaji atazielewa kadiri anavyoendelea. Mimi si fundi wa viyoyozi; ni yule anayepigiwa simu maji yanapodondokea meza ya mhasibu.

Niseme mapema kwamba mtambo wenyewe umenipendeza. Katika muda wote huo hakuna kompresa iliyoungua, hakuna gesi iliyoongezwa, na hewa inayotoka bado ina ubaridi uleule wa siku ya kwanza, yaani nyuzi 12 au 13 za Selsiasi pale inapoingia kwenye njia za hewa. Karibu kila tatizo tulilolipata lilianzia nje ya kabati: kwenye bomba la kutolea unyevu, kwenye maji ya kupoozea, kwenye umeme wa jengo, na kwenye ukuta uliojengwa karibu mno. Mnunuzi hatahadharishwi kuhusu hayo, maana neno lenyewe, kujitosheleza, linamfanya aamini kwamba akishauingiza mtambo chumbani na kuuunganishia umeme, kazi imekwisha.

Faida yake kuu huonekana zaidi na mtu aliyewahi kuishi na spliti. Kwenye spliti, mabomba ya gesi huunganishwa na kuchomelewa na fundi akiwa juu ya ngazi, mara nyingi kwa haraka, na ubora wa mtambo mzima hutegemea iwapo alipitisha naitrojeni wakati wa kuchomelea ili masizi yasijitengeneze ndani ya bomba na iwapo alivuta hewa yote kabla ya kufungulia gesi. Kwenye mtambo wa kabati, mzunguko wa gesi hufungwa, hujaribiwa na hujazwa kiwandani, na fundi wa kwenye jengo hana sababu ya kuugusa. Mitambo yetu hupoza kondensa kwa maji yanayotoka kwenye mnara wa kupoozea maji ulio juu ya paa, hivyo mabomba yanayopanda na kushuka ndani ya jengo hubeba maji tu. Uvujaji ukitokea, utauona kwa macho sakafuni.

Kila mtambo una uwezo wa tani 20. Nimegundua kwamba wapangaji wengi hudhani tani hiyo ni uzito, na kwa kweli asili yake ni uzito, ila ni wa barafu: tani moja ya kupoza ni kiasi cha joto kinachohitajika kuyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu, yaani kilo 907 hivi, kwa saa 24, nacho ni sawa na kilowati 3.5. Mtambo wa tani 20 basi huondoa kilowati 70 za joto, na kwa kanuni ya kawaida huhitaji kupitisha takriban mita za ujazo 13,600 za hewa kila saa. Nataja tarakimu hizi kwa sababu muuzaji wa kwanza alitushauri tuchukue tani 30 kwa kila ghorofa "ili msihangaike", na tulikaribia kukubali. Mtambo uliozidi mahitaji hufikisha joto lililowekwa kwenye themostati kwa dakika chache, kisha huzima kabla haujapata muda wa kuondoa unyevu, na matokeo yake ni ofisi yenye baridi ya kisimani, karatasi zinazolegea na watu wanaoomba joto literemshwe zaidi. Inafaa kukumbuka kwamba kazi ambayo mhandisi Mmarekani Willis Carrier aliifanya mwaka 1902 kwenye kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, inayohesabiwa kuwa mwanzo wa viyoyozi vya kisasa, ilitokana na karatasi kutanuka na kusinyaa kwa unyevu hadi rangi zikawa hazilingani. Starehe ya wafanyakazi ilikuja baadaye. Mitambo yetu ina kompresa mbili, ya pili ikiamka pale tu joto linapoizidi nguvu ya kwanza, na mgawanyo huo umetusaidia sana asubuhi na jioni.

Sasa nije kwenye usimikaji, ambako sifa zangu zinapungua.

Kampuni iliyofanya kazi hiyo ilifika na watu wa kutosha na iliingiza mitambo, ambayo ni mizito mno, bila kukwaruza hata fremu ya mlango. Hilo nawapa. Lakini waliifunga moja kwa moja kwenye sakafu ya zege kwa bolti, ilhali kitabu cha maelekezo kilichokuja ndani ya kabati kilikuwa kimeonyesha kwa picha kwamba panatakiwa mpira mnene au springi kati ya chuma na zege, na kipande cha kitambaa kizito kati ya mdomo wa mtambo na njia ya hewa. Kwa wiki mbili za mwanzo chumba cha mikutano kilichopakana na mtambo wa ghorofa ya kwanza kilikuwa kikivuma kama tumbo la meli. Walirudi wakainyanyua mitambo na kuweka mipira, na mvumo ukapungua, ingawa haukuisha. Huu ni udhaifu wa aina yenyewe ambao mnunuzi anapaswa kuukubali tangu mwanzo: kompresa inakaa ndani ya jengo pamoja nanyi, si nje ukutani, na hakuna mpira utakaoifanya iwe kimya. Chumba cha mtambo kisipakane na mahali ambapo watu wanahitaji kusikilizana.

Jambo la pili ni nafasi. Mchoraji wetu alikitengea kila kiyoyozi chumba kinachokitosha, naye alikuwa sahihi kwa maana kwamba kabati liliingia. Hakuhesabu kwamba mlango wa umeme hufunguka kwa mbele, filta huchomolewa kwa ubavuni, na ekseli ya feni, siku beringi zitakapokwisha, lazima itolewe kwa urefu wake wote. Kwenye ghorofa ya pili kuna sentimita 60 tu kati ya ubavu wa kabati na ukuta. Filta zinapita kwa kuzipinda kidogo, jambo ambalo huharibu kingo zake. Ekseli haitapita. Beringi hizo zitakapokufa itabidi ukuta ubomolewe, na sijui nitamwelezaje mpangaji aliyeutundikia picha.

Nimefikia bomba la kutolea maji ya unyevu, ambalo ni jambo dogo kuliko yote kwa gharama na kubwa kuliko yote kwa usumbufu. Hewa yenye unyevu ikipita kwenye koili baridi hutoa maji, na si haba: theluthi moja ya kazi ya mtambo wa tani 20 ikiwa ni kuondoa unyevu, maji yatakayokusanyika kwenye trei huzidi lita 30 kwa saa. Maji hayo yanatakiwa kutiririka yenyewe hadi kwenye mfereji. Tatizo ni kwamba feni imewekwa baada ya koili, kwa hiyo huivuta hewa, na shinikizo ndani ya sehemu ile ya kabati huwa dogo kuliko la chumbani. Bomba likiachwa wazi, hewa ya nje huingia kupitia humo kwa kasi na kuyazuia maji yasitoke, kama mtu anayepuliza mrija kutoka upande wa pili. Trei hujaa polepole, na siku nzima hakuna anayeona kitu. Jioni feni ikizimwa, shinikizo husawazika na maji yote humwagika kwa pamoja. Ndiyo maana simu za mhasibu wa ghorofa ya chini zilikuwa zikiingia kila mara saa kumi na mbili jioni, na ndiyo maana kila fundi aliyekuja asubuhi hakukuta hitilafu yoyote.

Dawa yake inajulikana tangu zamani, nayo ni kulipinda bomba mfano wa herufi U ili maji yanayobaki kwenye mpindo yaizuie hewa isiingie. Kampuni iliyosimika iliweka mpindo, lakini ulikuwa wa urefu ule unaouzwa tayari kwa ajili ya masinki. Fundi wa pili, ambaye nitamrudia, alitoboa kitundu kidogo kwenye kabati, akapima, akakuta shinikizo la ndani liko chini ya lile la chumbani kwa milimita 40 za maji, yaani kiasi cha kuyainua maji kwa kimo hicho. Kwa kipimo hicho, alieleza, tundu la kutolea kwenye trei linatakiwa liwe juu ya mdomo wa kutokea wa mpindo kwa milimita 65 angalau, yaani zile 40 na nyongeza ya 25 kwa ajili ya siku ambazo filta zimechafuka na feni inavuta kwa nguvu zaidi, na maji yanayobaki ndani ya mpindo yawe na kina kisichopungua nusu ya hapo. Wetu haukufikia hata nusu ya kipimo hicho. Ili kupata urefu huo ilibidi kila mtambo unyanyuliwe juu ya kitako cha chuma, kazi ambayo ingekuwa rahisi siku ya kwanza na iliyotugharimu wikendi tatu baadaye. Pia alilipa bomba mteremko wa milimita 10 kwa kila mita, akaacha kifuniko cha kufungulia juu ya mpindo ili usafishwe kwa brashi, na akatuagiza tumimine maji ndani yake kila mtambo unapokaa muda mrefu bila kufanya kazi, kwa sababu mpindo uliokauka ni sawa na usiokuwepo. Tangu hapo mhasibu hajanipigia simu, isipokuwa kuhusu ankara.

Upande wa maji ya kupoozea nao ulitufundisha. Kila mtambo unatakiwa kupata lita 227 hivi za maji kwa dakika, yakiingia na nyuzi 29 au 30 na kutoka na takriban nyuzi 35. Katikati ya msimu wa kwanza mtambo wa ghorofa ya tatu ulianza kujizima kila alasiri kwa sababu ya shinikizo kubwa la gesi. Fundi wa kampuni ya kwanza alifungua begi lake, akaunganisha geji, akatikisa kichwa na kusema gesi ni nyingi, ipunguzwe. Siku nne baadaye mwenzake alisema ni ndogo, iongezwe. Nilikataa yote mawili kwa ukaidi tu, si kwa elimu, na ukaidi huo ulituokoa. Kwa kupima joto la maji yanayoingia na yanayotoka ilionekana kwamba tofauti ilikuwa imefika karibu nyuzi 10 badala ya tano na nusu, maana yake maji yalikuwa yakipita kwa karibu nusu ya kiasi kinachotakiwa. Chujio la kwenye bomba lilipofunguliwa lilikutwa limejaa mabaki ya kuchomelea, nyuzi za tepu nyeupe ya mafundi bomba na kipande cha kitambaa. Mabomba hayakuwa yamesuuzwa kabla ya kuunganishwa na mitambo.

Nimewasikia watu wakisema kwamba kutunza maji ya mnara ni kuzuia utandu wa chokaa kwenye kondensa ili umeme usipotee. Ni kweli, lakini kuna sababu nzito zaidi. Mwaka 1976, huko Philadelphia nchini Marekani, waliohudhuria mkutano wa maveterani waliugua homa kali ya mapafu na makumi yao wakafa. Kijidudu kilichosababisha kilitambuliwa mwaka uliofuata na kupewa jina la Legionella, na mfumo wa viyoyozi wa hoteli yao ndio ulioshukiwa kukisambaza. Maji vuguvugu yanayorushwa hewani kwa matone madogo ndiyo makazi yake mazuri. Kwa hiyo mkataba unaohusu mitambo ya aina hii usiwe wa kabati peke yake, uwe na kemia ya maji ya mnara, usafishaji wake na rekodi ya vipimo, na mwenye kazi hiyo ajulikane kwa jina. Kwetu, mwaka wa kwanza, kampuni ya viyoyozi ilidhani ni kazi ya fundi bomba, na fundi bomba alidhani ni ya kampuni ya viyoyozi.

Kuhusu umeme nitakuwa mfupi. Kompresa za skroli, yaani zinazobana gesi kati ya vipande viwili vilivyojiviringa, huzunguka upande mmoja tu; fezi mbili kati ya nyaya tatu za umeme zikibadilishana nafasi, kompresa hugeuka kinyume, hupiga kelele mbaya na haipozi chochote. Jambo hili lilitokea siku ya kwanza kwenye ghorofa ya pili na lilirekebishwa kwa kubadilishana nyaya mbili, lakini tangu hapo nimeagiza kila mtambo uwekewe kidhibiti cha fezi, kinachouzuia usiwake nyaya zikikosewa. Kibaya zaidi kilikuwa kile kisichopiga kelele. Volti za ghorofa ya tatu zilisoma 410, 400 na 384, kwa kuwa taa na birika zote za ghorofa hiyo zilikuwa zimelundikwa kwenye fezi moja. Wastani wake ni 398, na fezi dhaifu imeachana nao kwa asilimia 3.5, ambapo watengenezaji kwa kawaida hawaruhusu kuzidi asilimia 2. Tofauti hiyo inayoonekana ndogo inaweza kuongeza joto la nyaya za mota kwa karibu robo. Mizigo iligawanywa upya. Jambo jingine ambalo wasimikaji wetu hawakulifuata ni kuacha kipasha mafuta cha kompresa kikiwa na umeme kwa saa 24 kabla ya kuwasha mara ya kwanza, ili gesi iliyojichanganya na mafuta itoke. Walikuwa na haraka ya kutuonyesha ubaridi.

Matunzo ya kawaida ni mepesi, na hapa mtambo unastahili sifa tena, kwa kuwa kila kitu kiko mahali pamoja na kwa urefu wa mkono. Filta tulikuwa tukizibadilisha kila mwezi kwa kufuata kalenda, hadi tulipoweka geji ya kupima tofauti ya shinikizo kabla na baada yake. Sasa tunabadilisha geji inapoonyesha zimejaa, na kwenye ghorofa ya kwanza, ambako watu huingia na vumbi la viatu, hujaa mara mbili upesi kuliko ghorofa ya tatu. Mikanda ya feni hubadilishwa yote kwa pamoja hata kama ni mmoja tu uliolegea, na puli hupimwa kwa uzi ili ziwe kwenye mstari. Koili huoshwa mara moja kwa mwaka kwa maji yenye shinikizo dogo, maana mapezi yake ya alumini hulala kama nyasi yakipigwa na mashine ya kuoshea magari. Lawama yangu pekee kwa mtengenezaji katika sehemu hii ni kwamba kifuniko cha filta kimefungwa kwa skrubu kumi na mbili. Mtu aliyekibuni hajawahi kukifungua mara mbili kwa wiki moja.

Anayenunua leo atakutana na swali ambalo sisi hatukulipata. Mitambo yetu ina gesi ya R-410A, ambayo haidhuru tabaka la ozoni kama ilivyokuwa R-22, gesi ya viyoyozi vya zamani, lakini kilo moja yake ikitoroka hupasha dunia joto sawa na kilo 2,088 za kabonidioksaidi kwa kipindi cha miaka 100. Kwa marekebisho ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda ozoni, yaliyokubaliwa Kigali mwaka 2016, gesi za aina hiyo zinapunguzwa hatua kwa hatua, na mitambo mipya inakuja na R-32, ambayo kipimo chake ni 675, au R-454B, ambayo iko chini zaidi. Zote mbili huweza kushika moto kwa kiasi kidogo, kwa hiyo ukubwa wa chumba, vihisi vya uvujaji na vifaa vya fundi vinaingia kwenye mahesabu. Fundi anayesema ataziweka "hizo mpya" ndani ya mtambo wa R-410A asiruhusiwe kufungua begi.

Nilisema nitamrudia fundi wa pili. Kampuni ya kwanza ilikuwa na mkataba wa matunzo wa mwaka mmoja, na ilikuja kila ilipopangiwa, ikijaza fomu yenye vialama vya sawa, sawa, sawa. Katika fomu zote hizo hakuna namba hata moja. Fundi aliyefuata huacha ukurasa mmoja kwa kila mtambo wenye joto la hewa inayorudi na inayotoka, joto la maji yanayoingia na yanayotoka, mkondo wa umeme wa kila fezi, na usomaji wa geji ya filta. Ni bei ya juu kidogo, na huchelewa kufika kuliko wale wa mwanzo, lakini kwa kurasa zake mimi nisiye fundi ninaweza kuona kwamba mtambo wa ghorofa ya kwanza umepoteza nyuzi moja tangu mwezi uliopita na kumuuliza kwa nini. Jibu la safari hii lilikuwa mkanda. Ukurasa wa ghorofa ya pili una mstari mmoja ambao huuandika upya kila anapokuja, kwa mwandiko uleule: beringi zinaanza kulia, ukuta bado upo.